Vidonge Nilivyovimwaga Mbele ya Kanisa

Bwana asifiwe! Hapana jamani, hiyo ameni ni ya watu waliolala njaa. Bwana asifiwe sana! Haya, sasa nimesikia. Mwangaluka! Habari za asubuhi, wazee wetu mliokaa mbele. Mchungaji amenipa dakika kumi, na kwa kuwa ananijua, amekaa karibu kabisa na kipaza sauti. Nawaomba wenye simu mziwashe, mnirekodi. Sitanii. Sababu mtaielewa baada ya muda mfupi.

Naitwa Minza, mama Maduhu, fundi cherehani wa pale sokoni. Hizo sare walizovaa wanakwaya nimezishona mimi, na wanaosema zinabana waache kula wali wa sherehe. Mnanijua kwa mdomo wangu. Leo mdomo huu umekuja kuungama. Ndugu zangu, nilisimama mahali hapa hapa nikashuhudia, mkashangilia, na ule ushuhuda haukuwa wa kweli. Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Nianze na hali yangu ya zamani. Ugonjwa ulinikuta baada ya msimu wa pamba, na msimu wenyewe ulikuwa mzuri. Sikufiwa. Sikuachwa. Mume wangu Masunga hakuwa na neno na mimi. Nilianza tu kuamka nimechoka, nimechoka kabla hata sijafanya kazi. Mkasi ulikuwa mzito mkononi. Kitambaa cha mteja nilikaa nacho siku tatu sijakikata, na nilipokikata, gauni likatoka na mikono miwili ya kushoto. Miwili ya kushoto, jamani! Mteja akacheka, akadhani nimefanya utani. Mimi nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Nikaacha kuongea. Mimi! Masunga, ambaye tangu anioe kazi yake ni kulalamika kwamba sinyamazi, siku moja akaniletea uji kitandani akaniambia, "Mama Maduhu, hebu nigombeze basi. Nigombeze hata kidogo." Nikamwangalia tu. Nilikuwa natamani nilale nisiamke tena, na sikuwa na nguvu ya kumwambia hilo. Baadaye nilimwambia. Nashukuru Mungu nilimwambia, maana hakunikemea wala hakunihubiria. Alitoa baiskeli ndani, akanipakia, tukaenda hospitali asubuhi ile ile.

Daktari alituuliza maswali mengi, kisha akasema naumwa sonona. Alisema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, na unapona. Akaniandikia vidonge, kimoja kila jioni baada ya kula. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mwalimu, akatukalisha na kutueleza taratibu. Alisema dawa hii haifanyi kazi leo kwa leo, itachukua wiki kadhaa. Alisema mwanzoni mdomo utakauka na usingizi utanizidi, nisiogope, ila nikiona mawazo ya kufa yanaongezeka nirudi siku hiyo hiyo. Halafu akanishika mkono, akasema, "Na utakapojisikia vizuri, hapo ndipo uwe makini zaidi. Usiache mwenyewe. Njoo kwanza hapa."

Nilisikia vizuri kabisa, ndugu zangu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Nilimeza. Wiki ya kwanza mdomo ulikuwa mkavu. Wiki ya pili sikuona tofauti, nikamwambia Masunga hizi ni chaki tu. Akasema chaki au si chaki, meza. Wiki ziliendelea, na siku moja sokoni mteja mmoja alinirudishia sketi akidai nimeipotosha upindo. Nikamjibu! Nikamjibu kwa kirefu, nikamtajia na kiuno chake, mpaka jirani yangu wa dagaa akasimama kupiga makofi. Masunga aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimerudi. Usingizi ulirudi, chakula kikawa na ladha, kazi ikaenda. Haleluya!

Sasa ndipo nilipokosea. Ikaja ibada ya shukrani ya mavuno. Watu walikuwa wanatoa shuhuda, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anapigiwa vigelegele. Mimi nikaona na mimi ninayo ya kusema. Nikasimama, nikasema nilikuwa taabani, Bwana ameniponya. Mpaka hapo ni kweli. Lakini vigelegele vile ni vitamu, ndugu zangu, vinapandisha mtu juu kuliko alivyokusudia. Nikafungua mkoba, nikatoa vidonge vyangu, nikasema, "Hivi sivihitaji tena! Mganga wangu ni Yesu peke yake!" Nikavimwaga hapa chini, nikavikanyaga kwa kiatu. Kanisa lote likasimama. Mnakumbuka. Dada mmoja alianguka kwa furaha.

Hakuna aliyenituma. Mchungaji hakunituma. Nilikuwa na aibu ya kuonekana kwenye lile benchi la kliniki ya akili, pale wagonjwa tunapongoja kuitwa majina, na hapo nikapata njia ya kuikimbia aibu nikiwa nashangiliwa. Jioni ile Masunga aliniuliza swali moja tu, kama nimemuuliza daktari. Nikamwambia asiwe mtu wa imani haba. Nisamehe, baba Maduhu.

Siku mbili za kwanza hakuna kilichotokea. Siku zilizofuata, kichwa kikaanza kupigwa kama shoti ya umeme, nikigeuza macho naona kizunguzungu. Kichefuchefu. Jasho. Ndoto za ajabu ajabu. Nikasema shetani ananipiga kwa sababu ya ushuhuda, nikafunga na kuomba. Ile hali ikapungua, nikasema nimeshinda. Wiki chache mbele, ule uchovu wa zamani ukarudi taratibu, ukakaa pale pale ulipokuwa umekaa. Mkasi ukawa mzito tena.

Na sikuwa na wa kumwambia. Ningemwambia nani? Mlikuwa mmeshaniita mama ushuhuda. Mlikuwa mnaniletea wagonjwa niwawekee mikono! Nilikuwa nakuja hapa Jumapili natabasamu, nikifika nyumbani nalala na gauni la kanisani mpaka Jumatatu. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yangu. Aibu iliyonitoa kliniki ilinifunga ndani kwangu.

Kumbe kuna mtu alinirekodi siku ile. Simlaumu, alifanya kwa nia njema. Ile klipu ilitoka Bariadi ikaenda kwenye magrupu, ikafika Malampaka, ikafika Mwanhuzi, ikafika Mwandoya. Na Mwandoya ndiko alikoolewa wifi yangu Limi, dada yake Masunga, mtu ninayempenda kama ndugu wa tumbo moja.

Limi alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, na baada ya kujifungua akaugua kama nilivyougua mimi. Alikuwa akimeza vidonge vyake na hali ilikuwa inatengemaa. Sikuwa najua. Na yeye alificha, ukoo mzima tumejaa siri. Siku moja asubuhi mumewe akanipigia simu. Alisema, "Shemeji, Limi ameangalia ile video yako mara nyingi sana, ameacha dawa. Sasa hamshiki mtoto. Anasema mtoto atakua vizuri zaidi bila yeye. Njoo umwombee kama ulivyoombewa wewe."

Ndugu zangu, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la soko. Nilielewa yale maneno kuhusu mtoto. Niliwahi kuyafikiri mimi mwenyewe, neno kwa neno. Nikajua wifi yangu anaweza kufa, na atakuwa amekufa kwa kunifuata mimi, wakati mimi mwenyewe siko kule anakodhani niko. Nilimwambia shemeji asimwache peke yake hata dakika moja, nikafunga kibanda. Nikamwambia Masunga kila kitu. Hakusema "nilikuambia." Alivaa viatu.

Tulipofika Mwandoya, Limi alikuwa amelala ndani akitazama ukuta. Mama mkwe wake alikuwa nje na kichanga kinalia. Watu wa nyumbani walifurahi kuniona, wakatandika mkeka, wakakaa wakisubiri maombi. Mama wa video amefika! Nikaingia peke yangu, nikakaa sakafuni karibu na kichwa chake. Ningeweza kuomba kwa sauti kubwa, nikamtia moyo, nikarudi Bariadi na jina langu.

Nikamwambia, "Limi, nilidanganya. Vidonge ndivyo vilivyonipa nafuu, na nilipoviacha niliugua tena. Naumwa sasa hivi. Leo siku ya nne sijaoga."

Akageuka. Akaninusa, kisha akasema, "Kweli hujaoga, wifi."

Tulicheka. Nawaambieni ukweli, tulicheka mle ndani, halafu tukalia mpaka watu wa nje wakadhani kuna msiba. Akaniambia alivyokuwa amepanga kufa. Alinieleza yote, nikamshika, nikasema tunaondoka leo hii, twende hospitali. Bwana asifiwe! Mlango wa Limi ulifunguliwa na ukweli, na ukweli ule niliupata wapi kama si kwa Mungu? Mimi kwa nguvu zangu nisingeusema.

Sasa sikieni tulivyokuwa wajinga. Njiani Limi akatoa vidonge vyake vilivyobaki, akasema, "Wifi, si ugonjwa ni ule ule? Tugawane, na tumeze vitatu vitatu kufidia siku tulizoacha." Na mimi nilinyoosha mkono, kweli tena. Sisi kwetu ukipata kitu unagawana. Masunga akamnyang'anya, akavitia mfukoni, akasema mtaviona mbele ya daktari.

Tulipomsimulia yule muuguzi wangu, alitukemea mpaka nikajiona niko darasa la pili. "Hii siyo chumvi ya kuomba kwa jirani!" alisema. Dawa ya Limi imeandikwa kwa Limi, anayenyonyesha, na yangu ni yangu. Ukisahau kidonge hufidii kwa kurundika, unaweza kujiumiza vibaya. Daktari naye akamuuliza Limi anatumia nini kingine, Limi akataja dawa ya mizizi aliyokuwa akichemshiwa nyumbani. Daktari akaandika hiyo nayo, akamwambia aisitishe, maana vitu vingine vikikutana tumboni vinagombana. Hakumcheka. Kwa sababu ya yale aliyoyasema kuhusu kufa, Limi alilazwa siku kadhaa, ndugu wakikaa naye kwa zamu. Mimi nilianzishwa upya kwa dozi ndogo, nikapandishwa taratibu.

Nilimuuliza daktari kama kumeza dawa ni kukosa imani. Akasema hilo nimuulize mchungaji. Nikaja kwa mchungaji nikilia, nikijua nitafukuzwa. Mchungaji akafungua droo yake akanionyesha vidonge vya presha. Anavimeza kila asubuhi, miaka sasa! Ameniruhusu niseme. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwambia avitupe madhabahuni, na mkimwambia mke wake atawapiga.

Basi nimepona, ndugu zangu, na bado nameza. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Mkasi ni mwepesi, wateja wananiogopa tena, Masunga ameanza tena kulalamika. Yeye ndiye anayevitunza, juu ya kabati, wajukuu wasivifikie. Siku ya kuacha ikifika, daktari atanipunguzia kidogo kidogo, nami nitamshukuru Mungu siku hiyo kama ninavyomshukuru leo. Nilikuwa mtu aliyejengewa nyumba, akaona haivuji, akapanda kuezua bati. Leo mvua ikinyesha nalala.

Limi yule pale, benchi la tatu, mwenye kilemba cha kijani. Simama, wifi. Na huyo ndiye mtoto aliyesemwa angekua vizuri zaidi bila mama. Mtazameni anavyomvuta hereni! Wabeja, asante Yesu! Wabeja sana!

Namalizia, mchungaji, usinyooshe mkono. Kama upo hapa, au unanisikia kwenye simu huko uliko, na uliacha dawa zako kwa sababu yangu, nisamehe. Usianze tena kwa kukisia, wala usiombe cha jirani. Nenda kwa daktari wako useme kweli, hata ile ya kutisha. Na kama leo unawaza kufa, usingoje kesho. Mshike aliyekaa pembeni yako umwambie sasa hivi, kabla ya wimbo. Mwamini Mungu kiasi cha kukubali akusaidie kwa mkono wa mtu.

Na kama unaona aibu kwenda peke yako, nipitie kibandani. Nitafunga cherehani, twende wote. Nitakaa na wewe kwenye lile benchi mpaka jina lako liitwe.