Siku Batula Alipoingia Kanjo

Kijiwe chetu kilikuwa mbao mbili za lori zilizolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa ukuta wa ofisi za kanjo, yaani baraza la mji, pale Garissa, mahali ambapo kivuli kilifika saa tisa alasiri, wala si dakika moja kabla. Mwaka ulikuwa 1996, mwaka wa ukame, na vumbi lilikuwa limezoea kuingia ndani ya vikombe kama sukari. Kaaha, mjane mwenye sauti nzito, alituuzia kahawa ya tangawizi kutoka kwenye birika lililobonyea kwa safari nyingi. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni kutoka upande wa Masalani. Kisomali changu kiliishia kwenye salamu, na kwa ajili yangu peke yangu wanaume wale watatu walizungumza Kiswahili kila alasiri. Heshima hiyo sikuithamini wakati ule. Siku hizi naikumbuka kuliko mshahara wangu wa kwanza.

Mkubwa wetu alikuwa Yarrow, tuliyemwita Kanuni. Alikuwa amestaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya umesenja hapo hapo kanjo: kubeba mafaili, kubeba chai, kumfungulia meya mlango. Kusoma hakujua, na hakuficha. Lakini lililosemwa nyuma ya ule mlango halikumtoka kichwani. Wa pili, Abshir, alikuwa dereva wa lori. Gari lake liliwahi kumfia mjini Habaswein kwa siku kumi na moja, na tangu hapo kila hadithi yake ilianzia huko, hata jina likawa Habaswein. Wa tatu, Diriye, alilala na redio na kuamka nayo. Sisi tulimwita Redio.

Siku hiyo tangazo jipya lilikuwa limebandikwa ukutani, juu ya vichwa vyetu.

— Maalim, soma tena, — alisema Redio. — Pole pole.

Nikasoma. Baraza lilikusudia kuhamisha soko la maziwa kutoka uwanja wa stendi hadi nyuma ya machinjio, ili uwanja uwe wa kuegesha malori. Mwenye pingamizi aliandike kwa karani wa baraza katika siku kumi na nne.

— Nyuma ya machinjio? — Kaaha alisimama na birika mkononi. — Nzi watakunywa kabla ya watu.

— Kanjo ikisema imesema, — Redio alijibu. — Kanjo iko na nguvu kushinda DC. DC anaweza kukufunga wewe, lakini hawezi kufunga nyumba yako. Kanjo inapiga alama nyekundu kwa ukuta, nyumba yenyewe inaanza kutetemeka.

— Hiyo ni kidogo, — alisema Habaswein. — Mimi nikiwa Habaswein, mzee mmoja aliniambia kanjo inaweza kuamuru hata mto. Sheria inasema maji yote ndani ya mpaka ni ya kanjo. Tana si inapita ndani ya mpaka?

— Inapita.

— Basi wakikaa wakipiga kura, Tana inahama. Inaambiwa ilale upande wa pili.

— Wallahi nimesikia kwa redio, — Redio akaongeza, — nchi moja huko Ulaya, kanjo ilikatalia malkia ruhusa ya kujenga choo. Malkia mzima! Ikabidi aende kwa jirani.

— Si ndio hiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hiyo methali inaingia wapi, Habaswein? — niliuliza.

— Maalim, kwani kwa jirani alienda na nini? Si na guu?

Yarrow aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini tulinyamaza.

— Nyinyi mnalia kama mbuzi juu ya lori. Kanjo haina nguvu ya kuhamisha hata kiti hiki kama hakuna miniti, maandishi ya mkutano. Sikilizeni. Kwanza kamati ya masoko inakaa. Kansela mmoja, diwani yaani, analeta hoja, mwingine anaunga mkono. Asipopatikana wa kuunga mkono, hoja imekufa, hakuna hata kuzikwa. Halafu tangazo, kama hii. Halafu pingamizi. Halafu baraza kamili, na lazima watu watimie idadi. Kanjo ni milango mingi, na mimi nimefungua yote.

— Na ukipinga wanakusikiliza? — Kaaha aliuliza.

— Barua yako lazima isomwe. Wakipenda, wasipende.

Tulilijadili jambo hilo siku tisa. Siku ya nne Redio alithibitisha kwamba kanjo inaweza kuwatoza watu kodi ya kivuli. Siku ya saba Habaswein alikuwa amefikisha amri ya kanjo hadi kwenye upepo. Tulicheka sana siku zile. Kahawa ilikuwa kali, ukame ulikuwa wa watu wote, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

Siku ya tisa Batula alikuja.

Nilimjua kwa kumwona tu. Alikuwa mwanamke mrefu, ameuza maziwa ya ngamia pale stendi tangu kabla ya mzaliwa wake wa kwanza, na huyo mzaliwa wa kwanza sasa alikuwa darasani kwangu. Mitungi yake ililetwa alfajiri na gari la kutoka malishoni, upande wa Balambala. Wanawake hawakukaa kijiweni. Batula hakukaa. Alisimama juani, mtungi mtupu ukinukia moshi wa kuni alizoufukizia.

— Assalamu alaykum.

— Wa alaykum salaam, eedo Batula, — tulijibu, tukimwita shangazi kwa Kisomali.

— Siku tisa nasikia mnaongea juu ya maziwa yangu. Redio ananiambia, Kaaha ananiambia. Sasa nimekuja kuuliza. Hiyo barua ya kupinga, nani ameandika?

Yarrow alijua kila hatua. Mimi nilikuwa na kalamu nne mfukoni. Hakuna aliyekuwa ameandika hata tarehe.

— Haya, — alisema. — Na uwanja wetu, nani aliomba?

— Wenye malori, — Yarrow alijibu. — Kansela hatoi hoja kwa hewa. Kulikuwa na ombi na sahihi za madereva.

Batula aligeuza macho taratibu mpaka yakamfikia Habaswein.

— Na wewe uko ndani, Abshir?

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akimwita jina lake. Habaswein alikuna shingo.

— Niko ndani.

— Siku tisa unakunywa kahawa na sisi! — Redio aliruka. — Unatuambia habari ya mto!

— Walileta karatasi wakasema tia sahihi tupate mahali pa kuegesha. Mimi nalala chini ya lori, Diriye. Mvua, jua, chini ya lori. Sikuuliza ni mahali pa nani.

— Ulijua ni pa nani, — Batula alisema. Hakupandisha sauti. — Mtoto wako alipokuwa mgonjwa, maziwa ulichukua pale.

Habaswein aliinuka akaondoka. Kikombe chake kilibaki na kahawa nusu. Kaaha hakukigusa mpaka jioni.

Tuliandika barua alasiri ile ile, kwenye karatasi ya katikati ya daftari la shule. Redio alitaka tuanze na Umoja wa Mataifa. Yarrow alitaka tuanze na "Kwa heshima na taadhima". Mimi, mwalimu, niliandika ukurasa mzima wenye maneno ya kamusi. Batula akaniomba nimsomee, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

— Maalim, hii ni nzuri sana. Lakini mimi siko ndani yake. Andika hivi: maziwa haingoji.

Tukafuta mengi. Ikabaki mistari sita. Wino wa kupigia kidole gumba hatukuwa nao, basi Kaaha akamimina mashapo ya kahawa kwenye kisahani, na wauza maziwa thelathini na mmoja wakaja mmoja mmoja kuweka vidole. Karatasi ile ilinukia tangawizi. Nilipoikabidhi kwa karani, aliinusa kwanza ndipo akaipiga muhuri.

Siku ya kumi na mbili Habaswein alirudi. Hakuketi. Alizungumza na Yarrow, lakini maneno yalimlenga Batula.

— Mwambie yule mama malori ya Wajir hayaingii mjini kabla ya saa nane. Asubuhi hakuna lori hata moja pale. Nimeuliza madereva wenzangu, wote wanasema hivyo. Mwambie tu.

— Mwambie mwenyewe, — Yarrow alijibu. — Mimi nimestaafu umesenja.

Akaenda stendi kumwambia mwenyewe. Walichozungumza sikukisikia. Niliona kwa mbali tu kwamba alisimama muda mrefu, na alipoondoka alikuwa na maziwa.

Baraza kamili lilikutana Alhamisi asubuhi. Wananchi waliruhusiwa kuketi nyuma na kusikiliza, lakini si kusema. Batula alikuja na wenzake sita. Mimi niliomba ruhusa shuleni. Redio alizima redio yake. Na Yarrow, miaka ishirini na miwili mlangoni, aliketi ndani kwa mara ya kwanza. Aliufuta mkono wa kiti vumbi kwa kiganja kabla ya kuketi, kama aliyezoea kuwafutia wengine.

Mambo yakaenda kama alivyotuambia, hatua kwa hatua. Idadi ikahesabiwa, ikatimia. Hoja ikasomwa. Karani akasoma ombi la madereva, halafu barua yetu. Alipofika "maziwa haingoji", makansela wakainua vichwa. Kansela mmoja akauliza:

— Wanataka nini hasa? Wanakataa tu, au wana wazo lingine?

Batula akasimama. Meya akainua mkono, kwa upole.

— Mama, kanuni haziruhusu mwananchi kusema hapa. Tafadhali keti.

Hakuketi. Wenzake sita wakasimama pia. Askari wa kanjo mlangoni akajiweka sawa. Nilijua mambo ya namna hiyo yakianza huishia wapi.

Ndipo nilipomwona Yarrow akimwashiria mesenja mpya, aliyekuwa amebeba trei ya chai. Akamnong'oneza. Mesenja akazunguka meza na trei yake, akamfikia kansela wa wadi yetu, akaweka kikombe mbele yake, akainama sikioni pake. Nani humwangalia mesenja? Hakuna aliyeangalia. Kansela akainua mkono.

— Mheshimiwa Meya, naomba tusimamishe kanuni kwa muda wa jambo hili moja, ili mama asikilizwe.

— Kuna wa kuunga mkono?

Nilimsikia Yarrow akihema. Halafu, upande ule ule ulioleta hoja ya malori, mkono ukapanda.

— Naunga.

Wakapiga kura. Kanuni zikasimamishwa. Meya akamwambia Batula aseme kwa ufupi.

— Sina maneno mengi, — alisema Batula, mikono ameifumbata chini ya shuka. — Maziwa ikitoka kwa ngamia alfajiri, saa sita imechacha. Sisi tunamaliza kabla ya adhuhuri. Malori yanaingia saa nane. Mimi na lori hatujawahi kukutana, mnatugombanisha bure. Uwanja ni mmoja lakini jua ni mbili, ya asubuhi na ya alasiri. Mtupe ya asubuhi. Hata dereva mwenyewe amekubali.

— Dereva gani? — meya aliuliza.

Habaswein alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na dirisha. Sikujua kama amekuja.

— Mimi, Mheshimiwa. Sahihi yangu iko kwa ile ombi. Nambari ya tatu.

Hoja ikarekebishwa palepale: asubuhi maziwa, alasiri malori, na bomba la maji pembeni mwa uwanja. Ikapita. Karani akaandika kwenye miniti. Batula hakushangilia. Aliketi, akajifunika uso kwa ncha ya shuka, mabega yakatikisika kidogo, na wenzake wakamsogelea mpaka asionekane.

Alasiri ile kijiwe kilijaa. Habaswein alirudi mahali pake kwenye mbao, na Redio akamsogezea nafasi. Habari ilisimuliwa mara nne. Kufikia mara ya nne, meya alikuwa amelia na Tana ilikuwa imepiga kura.

Miaka miwili baadaye nilihamishwa. Nimeishi miji mingine, nimekaa vijiwe vingine vyenye viti vya kuegemea, na sijasikia tena watu wakiibishania sheria ya mji kwa mapenzi namna ile, kana kwamba mji ni mtoto wao mkaidi. Nikifumba macho bado nasikia harufu ya ule moshi wa mitungi. Lakini siku ninayoirudia zaidi ni hiyo hiyo ya ushindi, kwa sababu ya mgeni aliyeketi nasi kijiweni.

Alikuwa msafiri wa makamo, Ayanle, akingoja basi lake la Wajir litengenezwe. Aliketi ukingoni mwa mbao, akasikiliza hadithi yote, akauliza maana ya kusimamisha kanuni, na Yarrow akamweleza. Akauliza habari ya kamati, Yarrow akamweleza. Akauliza kansela akikosa mikutano hufanywaje, Yarrow akamweleza hilo pia, bila kusita, kama mtu anayehesabu vidole vyake. Ayanle akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

— Adeer, — alisema, akimwita ami kwa Kisomali, — na wewe, kwa nini hukuwahi kuwa kansela?

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Alitaka kujua tu. Habaswein alitazama viatu vyake. Mimi niliyapanga majibu matatu kichwani na kila moja lilikuwa la uongo au la kuumiza. Yarrow mwenyewe alitabasamu, akavua kofia, akaitazama ndani kama aliyeulizwa swali la kwanza maishani ambalo hakulisikia likijibiwa nyuma ya mlango.

Basi likapiga honi kule stendi.

— Kahawa imeisha, — alisema Kaaha. — Nendeni nyumbani.

Akaliinua birika ili akafunge kibanda, na nikaona jinsi mkono wake ulivyolemewa na kahawa iliyobaki.