Pengo la Ng'ombe Uwanjani Kiabakari

Mama mwenyekiti, nakushukuru kwa kunisimamisha. Mafundi cherehani wenzangu mliotoka Musoma na Bunda, na nyie wa kwetu Butiama, kila mtu apokee salamu kwa dini yake, maana nikianza kuzitaja zote tutalala hapa. Nimeambiwa niseme habari ya hasira, kwa sababu mkutano uliopita mwenzetu mmoja alibeba kiti chake akaondoka nacho. Simtaji. Yupo hapa, kiti amekirudisha, na mimi namwelewa kuliko mnavyodhani. Niliwahi kuondoka hivyo hivyo, ila mimi nilibeba timu nzima.

Wengi mnanijua kwa mashine yangu. Lakini kwa miaka mingi nilikuwaga pia katibu wa timu ya mpira pale Kiabakari. Timu ya watu wa kazi: waashi, waendesha bodaboda, walimu wawili, kipa wetu anachoma mahindi barabarani. Jezi nilishona mwenyewe. Ligi yetu hii ya Musoma, Bunda na Butiama ilikuwa na madaraja mawili, na sheria yake hata bibi yangu aliijua: anayeongoza daraja la chini anapanda la juu. Basi. Sisi tulikuwa la chini mwaka hadi mwaka, mara wa tatu, mara wa pili, na watu wa mjini walikuwa wakituuliza kama tunacheza mpira au tunachunga.

Sasa ukafika mwaka ambao kila kitu kilituendea vizuri. Katikati ya msimu nikagombana na makatibu wenzangu. Mwamuzi alikubali goli tulilofungwa ambalo mfungaji aliupiga mpira kwa mkono, mkono huu hapa mnaouona, na mimi nikaenda kwenye grupu la makatibu kwenye simu nikaandika. Niliandika maneno ambayo leo siwezi kuyarudia mbele ya mama mwenyekiti. Mmoja akanijibu kwa kikatuni cha kucheka. Nikajitoa kwenye grupu. Nikaweka simu mezani nikajiona mwanaume kweli kweli.

Mama watoto akaniuliza, "Sasa habari za ligi utazipataga wapi?"

Nikamwambia, "Habari za ligi zipo uwanjani. Tukishinda, watakuja wenyewe."

Na tulishinda. Tulimaliza wa kwanza, ndugu zangu, bila mtu kutusaidia. Pale kijijini kuna mama mjane, mwenye ng'ombe wengi na mdomo mkali, akatoa dume moja kwa ajili ya timu. Mnatujua sisi watu wa Mara, furaha isiyo na nyama hatuiamini. Tukachinja. Tukala siku nzima, tukaimba tumepanda, tumepanda. Hakuna aliyeuliza barua iko wapi. Barua ya nini wakati umeongoza? Kumbe tulipokuwa tunatafuna, wakubwa wa ligi walikuwa wameshabadilisha muundo.

Nisikilizeni muundo wenyewe, maana mpaka leo nikiusema kifua kinapanda. Walisema kuanzia sasa timu haipandi, timu inaomba. Unajaza fomu. Unaeleza uwanja wako una uzio au hauna, vyumba vya kubadilishia nguo viko wapi, na mpango mkakati wako ni upi. Mpango mkakati! Timu ya wachoma mahindi! Halafu kamati inakaa inachagua. Yaani umetoka jasho kuanzia masika mpaka kiangazi, umevunjika mguu, umeongoza, na mtu aliyekaa kwenye kiti chenye mto ndiye anaamua kama umeongoza. Huu ni uonevu, na mtu asije akaniambia nimesamehe. Sijasamehe.

Siku ya kupanga ratiba nilipanda gari asubuhi kwenda Musoma, nimevaa suti niliyojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Nikakaa mbele. Mwenyekiti wa ligi akasoma timu za daraja la juu. Akasoma mpaka akafunga karatasi. Sisi hatumo. Kwenye nafasi yetu imesomwa timu mpya ya mjini ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona ikipiga mpira. Ilikuwa na muhuri, ilikuwa na karatasi yenye rangi, ilikuwa na mlezi mwenye gari. Wachezaji, nadhani, walikuwa wanakuja nyuma.

Nikasimama. Nikapiga kelele mpaka mhudumu wa ukumbi akaja kuchungulia. Mwenyekiti akaningoja nimalize, akasema kwa upole kabisa, "Katibu, tangazo la maombi lilitumwa kwenye grupu. Tulikaa wiki tatu tukisubiri fomu ya Kiabakari. Wewe ulikuwa wapi?"

Chumba kizima kikanigeukia. Kila katibu pale alijua nilipokuwa.

Ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho sijawahi kukisema mbele ya watu wengi namna hii. Suti ilinibana. Nilitoka nje bila kuaga. Na nilipofika Kiabakari, wachezaji wote walikuwa wamenisubiri pale kituoni, wengine bado na saruji mikononi. Wakaniuliza, "Katibu, imekuwaje?" Nikawaambia, "Wametuonea. Nafasi wamewapa matajiri." Basi. Habari ya grupu nikaimeza.

Wala sikudanganya sana, mnaona? Walituonea kweli. Huo ndio ubaya wake. Ukiwa umeonewa kweli, unapata mahali pazuri pa kuficha kosa lako, na hakuna mtu atakayelitafuta pale.

Kuanzia siku hiyo nikawa mgonjwa wa maneno. Msibani nawaelezea waombolezaji muundo mpya. Kwa kinyozi naelezea. Mteja amekuja kupimwa sketi, namsimulia kamati mpaka anasahau alichofuata. Niliwahi kushona shati la mwanafunzi lenye mikono miwili ya kushoto, mama yake akalirudisha akalitundika mlangoni kwangu kila mtu aone. Wateja wakahamia kwa jirani. Presha ikapanda, daktari akanipa vidonge, na vidonge navyo nikavielezea muundo mpya. Mnacheka, lakini mama watoto alikuwa hacheki. Uwanjani sikukanyaga tena. Nilisema timu imekufa, na mimi ndiye niliyekuwa nafanya matanga.

Msimu ule wote tulikaa nje, maana hata daraja la chini walilifuta kwenye muundo wao. Ile timu ya muhuri ikacheza kwenye nafasi yetu, na wakati mwingine haikucheza: mechi tatu haikutokea uwanjani. Ikitakiwa ijieleze, inaleta barua ya udhuru, nzuri, imepigwa muhuri.

Msimu ulipoisha, nahodha wetu akaja dukani. Yeye ni mwashi, mtu wa maneno machache. Alikuwa na mfuko wa jezi zimechanika mabegani. Nikamuuliza, "Hizi zimechanikia wapi? Si timu ilishakufa?"

Akasema, "Nani kakwambia? Tunafanyaga mazoezi kila jioni. Wewe tu ndiyo hujagi."

Akatoa karatasi mfukoni. Wachezaji walikuwa wameandika malalamiko ya kupeleka kwenye mkutano wa ligi. Hati yenyewe ya mwalimu, imepangwa vizuri, na mstari wa kwanza ulisema: timu yetu ilinyimwa nafasi bila kupewa taarifa yoyote. Chini wameacha nafasi ya saini ya katibu.

"Weka saini hapo, mzee," akasema. "Mkutano wiki ijayo. Nitasoma mimi mwenyewe."

Nilishika kalamu. Nikamwona nahodha wangu amesimama mbele ya makatibu wote wale, anasoma kwa sauti kwamba hatukupewa taarifa, na mwenyekiti wa ligi anafungua simu anawaonyesha watu tangazo. Nikaona sura yake itakavyokuwa. Alikuwa ananiamini kiasi kwamba hata hakuniuliza kama ile karatasi ni ya kweli.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Taarifa ilitumwa. Ni mimi sikuwepo. Nilijitoa kwenye grupu kwa hasira, na nikawaficha."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alianza kukunja jezi moja moja, akazirudisha kwenye mfuko, na mimi nikajua akiondoka harudi. Zilipobaki mbili akaacha. Akasema, "Tumekaa nje mwaka mzima, mzee. Mwaka mzima."

Nikasema, "Najua."

Akasukuma ile karatasi kwangu. "Basi andika hivyo hivyo. Na utasoma wewe."

Nilisoma, jamani. Nilivaa suti ile ile. Nikasema kosa la kutojaza fomu ni langu, si la wachezaji, na matusi niliyoandika nayaomba radhi kwa kila niliyemtukana. Nikapumua. Halafu nikasema la pili, na hilo sikulisema kwa upole. Nikasema: mimi nimekosa, sawa, lakini kosa langu halifanyi muundo wenu uwe wa haki. Ile timu uzio wake uko wapi? Vyumba vyake viko wapi? Mechi tatu hawakuonekana, na bado mnataka kuwabakiza kwa sababu ya karatasi? Tupeni uwanja na mwamuzi. Tukifungwa, tutanyamaza.

Nilidhani nitazomewa. Aliyesimama kuniunga mkono ni yule yule wa kikatuni cha kucheka. Akasema, "Huyu mtu ana mdomo mbaya, lakini leo anasema kweli." Wakasimama na wengine. Wakubwa wakajikuna, wakakubali: mechi moja ya mchujo, sisi na timu ya muhuri, Kiabakari, mshindi achukue nafasi. Ila kwa sharti moja, uwanja wetu uwe na uzio. Walidhani hapo wametufunga.

Sasa uwanja wetu nao una mambo yake. Ng'ombe wa yule mama mjane hupita katikati kwenda kunywa maji, walipita kabla ya mpira kufika na eneo lile lilikuwa la mume wake. Tukaenda kumwomba. Akatuangalia. "Dume langu mlikula, nafasi hamkupata. Na njia nayo mnataka?" Mimi nikamweleza kila kitu, na la grupu pia. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema wekeni uzio wenu, lakini mniachie pengo, na siku ya mechi ng'ombe watapita wakati wa mapumziko. Nje ya wakati huo, mtu wenu asimame pengoni awazuie.

Mnajua kwetu ukiwa na shamba kubwa unaita majirani, kila mtu anakuja na jembe lake, na wewe kazi yako ni kuwalisha. Tuliita hivyo. Walikuja mpaka ndugu wa kutoka Nyegina na Bunda. Tukasimamisha nguzo kuzunguka uwanja, tukachomeka matawi ya minyaa katikati yawe ua. Wakaguzi walipofika, wakazunguka wote, wakasimama penye pengo. Mmoja akasema, "Uzio wenye pengo siyo uzio."

Nikasema, "Pengo lina mlinzi."

"Nani?"

"Mimi."

Wachezaji walikuwa wameshanivua ukatibu wiki ile, na walifanya vizuri. Katibu sasa ni mwalimu mmoja, simu yake haizimwi. Kwa hiyo siku ya mchujo nilikuwa pengoni na fimbo, nimeupa uwanja mgongo, uso umewaelekea ng'ombe. Timu ya muhuri ilikuja na viatu vipya vinavyong'aa. Mapumziko, hakuna goli. Ng'ombe wakapita, wakakaguliwa na mwamuzi kama wachezaji, wakarudi. Kipindi cha pili, karibu na mwisho, nikasikia kelele ambayo sijawahi kuisikia Kiabakari. Dume moja kubwa lilikuwa limenisogelea, linataka kupita, na mimi nikajua nikigeuka kuangalia, litaingia uwanjani na mwamuzi atasimamisha mpira. Nikamwuliza mama mjane aliyekuwa nyuma ya ng'ombe wake, "Mama, nani kafunga?"

Akasema, "Wa kwenu. Yule mwashi. Kaa hapo hapo, fundi."

Tukapanda. Safari hii tulisubiri barua ndipo tukachinja.

Namshukuru nahodha, ambaye angeweza kuondoka na jezi zake. Nawashukuru makatibu niliowatukana, na yule mama na ng'ombe wake, na mama watoto aliyeniuliza swali ambalo lingeniokoa mwaka mzima. Na wewe mwenzangu wa kiti, nakuambia mbele ya watu: ukionewa, kasirika. Mimi bado nimekasirika, muundo ule bado una fomu za kijinga na nitaupinga mpaka wachoke. Lakini kasirikia hapa hapa, umekaa, tukuone. Ukitoka, wanaokuonea wanabaki na chumba chote.

Jumamosi tunacheza mechi ya kwanza ya daraja la juu, nyumbani. Karibuni wote. Msinitafute jukwaani, mimi nitakuwa pale penye pengo.