Nimeulizwa, Nimejibu

Sogeeni wanangu, tena mkae nikuoneni nyote, maana wauguzi watakuja kunichukua kwenda kupasuliwa sasa hivi, na nina maneno ambayo sitaki yasemwe na mwingine kwa niaba yangu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi nimeulizwa, na nimejibu. Mkubwa wangu, najua ulimfuata daktari koridoni ukamwambia, "Mama amekula chumvi nyingi, mwacheni apumzike." Nilisikia, lenye saratani ni ini, si masikio. Nawe binti yangu ukamrukia kaka yako, eti anataka nife haraka arithi tanuri la mikate, na tangu hapo hampeani salamu, mnatumiana maneno kupitia kwa mdogo wenu kama watu wasiojua lugha moja. Aibu hiyo!

Sikilizeni nilivyoambiwa. Daktari alinipandisha ngazi aone pumzi zangu, akapima moyo, figo, na ini litakalobaki uvimbe ukishakatwa, kisha akasema, "Mama, miaka yako peke yake hainizuii." Hakunificha: kwa rika langu, damu inaweza kunitoka nyingi, kipande kitakachobaki kinaweza kushindwa kazi, na kupona kwenyewe ni kwa kujikongoja. Nikamuuliza, "Na nikikaa hivi hivi?" Akasema uvimbe hautaningoja. Basi, maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Sahihi nimeweka mwenyewe.

Nikirudi, msinilaze kama yai. Niinueni nitembee hata nikiwatukana. Nisiporudi, asitafutwe mchawi: si daktari, si huyu dada yenu aliyenileta hapa. Tanuri ni la binti yangu, aliyeunguza mikono pale tangu baba yenu alipofariki; nyumba ni yenu watatu, asiuze mmoja bila wenzake. Mkubwa, usinune. Ukubwa ni jaa, mwanangu, na hofu yako naijua: ulimzika baba yako ungali kijana, hutaki kushika jembe lile tena. Si dhambi. Lakini usiniogopee mpaka ukanizika ningali hai.

Ile sindano ya usingizi waliyonichoma imeanza kunivuta... ulimi mzito. Mungu awape vifua vya kusitiriana, na riziki isiyowagombanisha. Kitinda mimba wangu, futa machozi, nishikie miwani. Mkubwa, toka hapo dirishani. Nenda kakae na dada yako. Karibu... karibu zaidi, haumi huyo. Haya. Hivyo hivyo... mpaka nirudi.