Jina la Bibi Mzaa Baba

Hind alikuwa ndani ya pantoni akielekea Magogoni, amempakata bintiye, na fomu ya cheti cha kuzaliwa mkononi. Bi Scholastika, mama wa pembeni asiyemjua, akauliza mtoto anaitwa nani.

"Kwenye akika tulimwita Lujain, jina la bibi yake mzaa baba. Ila leo namwandikisha Asha."

"Bibi anajua?"

"Hajui. Mama, mimi ni Hind. Shule waliniandika Hindi, kliniki Heidi! Kila foleni narudishwa. Nimechoka!"

"Kitendawili."

"Tega," Hind akaitika, kanuna.

"Changu, lakini wenzangu wanakitumia kunishinda."

"Jina. Basi anayeazima changu kila siku asinivunjie!"

Bi Scholastika akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Mie Kariakoo naitwa Skola, Kolasi, wengine Stika. Lakini jina nilipewa na bibi yangu, karani hakuwepo."

"Kalamu anayo karani, mama!"

Pantoni likagusa gati, watu wakaanza kusukumana. Mtoto akaangua kilio. Hind akaikunja fomu na kumtikisa begani.

"Nyamaza, Lujain wangu," akasema, "tunaenda kwa karani, nitamtajia jina lako herufi moja moja."