Jaribio la Dozi ya Kichanga

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Na wewe kitinda mimba, uache huo mto, unisikilize. Karakana hii ya programu nawaachia nyote wawili, msiigawane, maana mkono mmoja haulei mwana. Kinachonikosesha usingizi ni ile programu ya hospitali, inayowapigia wauguzi hesabu ya dozi kwa uzito wa mtoto: wewe binti yangu unaogopa kuigusa, na mdogo wako anataka kuibomoa aijenge upya.

Mjomba wenu hakuondoka hapa kwa tamaa, kama watu wanavyosema. Alirekebisha hesabu ya dawa ya maji, ikatoka vizuri, tukafurahi, kumbe ameziba huku na kutoboa kule. Muuguzi mmoja akanipigia simu: "Mama, kompyuta inaniambia nimpe kichanga dozi ya mtu mzima. Simpi!" Macho ya muuguzi yule ndiyo yaliyomwokoa mtoto. Mjomba wenu akaona haya, akaenda, asirudi. Nami nikabaki najiuliza, siku muuguzi akichoka, je?

Ndipo nikaanza, na nilianza padogo. Nilichukua hesabu moja tu, nikaiandikia jaribio, yaani programu ndogo ya kukagua jibu lake: mtoto wa kilo tatu apate kipimo hiki, asizidishiwe hata tone. Kisha nikaiharibu hesabu makusudi nione kama jaribio litapiga kelele, kwa sababu jaribio lisilojua kulalamika ni mlinzi aliyelala. Likalalamika! Nikacheka peke yangu kama mwehu. Tangu hapo kila hesabu ina jaribio lake, na kompyuta huyapitia yote yenyewe kila tunapobadilisha mstari.

Kwa hiyo, binti yangu, gusa bila woga. Ukikosea utaambiwa kabla ya muuguzi. Nawe mwanangu, usibomoe ukuta usioujua umebeba nini: liandike jaribio kwanza, ndipo ushike nyundo. Na kosa jipya likizuka, lifungieni njia kwa jaribio kabla ya kulirekebisha, lisirudi.

Maji... basi, yanatosha. Mungu awape subira, awape kusikilizana, watoto wa watu wapone kwa kazi ya mikono yenu. Sasa mpigieni mjomba wenu. Iwekeni hapa, sikioni... Inaita... Ndugu yangu? Ni mimi, dada yako. Sikukulaumu... hata siku moja. Rudi, wanao wanakungoja.