Historia ya Penseli, Aliyemchagua Fundi Cherehani

Ndugu waombolezaji, familia imemkabidhi kaka mkubwa wa marehemu kazi ya kuandika na kuwasomea historia hii, naye ameomba humu aitwe kaka mkubwa tu, kama mtu mwingine yeyote anayetajwa, kwa sababu yako mambo ambayo kama angeyasema kwa kinywa chake kuwa ni yake, yangemkwama kooni.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Agosti 1951, saa kumi na mbili na robo asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bohari ambako baba yao alikuwa karani wa stoo, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho, na mama yao, aliyekuwa mkunga, alipenda kusema kwamba huyu alikuja duniani akikodoa macho kama mkaguzi. Jina la Penseli, ambalo nyote mlimwita, hakupewa shuleni kama wengi wanavyosimulia, bali alipewa na kaka yake mkubwa mwaka 1955, alipomkuta chini ya meza akichora ukutani kwa kipande cha penseli alichokichomoa kwenye kaptula ya kaka huyo, na ni kaka huyo huyo aliyemfundisha kushika rula, kupiga mstari na kuacha pambizo, jambo ambalo halijapata kuandikwa popote mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, na mwaka 1964 alipata zawadi ya sanduku la rangi kwa mchoro bora wa jengo, mchoro ambao kaka mkubwa, aliyekuwa akijifunza kazi ya kuchora ramani katika idara ya ujenzi, alikaa naye wiki mbili kuusahihisha, lakini siku ya zawadi Penseli alisimama mbele za watu akamshukuru mwalimu wake, akaketi. Kaka mkubwa, aliyekuwa mlangoni na shati lililopigwa pasi, aliondoka kabla soda hazijagawiwa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza roho ilipomuuma kwa ajili ya mdogo wake, ingawa hakumwambia mtu.

Baada ya sekondari aliajiriwa tarehe 3 Januari 1972 katika kiwanda cha uchapaji, akiwa mpanga herufi, mwaka 1984 akapelekwa kusomea kompyuta, na kuanzia mwaka 1987 hadi alipostaafu mwaka 2006 alikuwa mwalimu katika chuo cha ufundi, ambako wanafunzi walimwogopa kwa sababu hakupiga kelele. Alifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1977 na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, na walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni nesi na kijana ambaye ni mwoka mikate, nao wote wapo hapa.

Mwaka 2001, katika chumba cha juu ya duka la fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo, marehemu alianza kuandika programu ya kuchorea aliyoiita Rula, nayo ilikuwa programu huria, yaani ile ambayo mtu yeyote anaipata bure, anaifungua kuona ilivyoandikwa, na akitaka anaibadilisha. Walijitolea watu kumi na wanne, wengine kwa barua pepe tu, na kaka mkubwa, aliyekuwa ameshastaafu, alikuwa mmoja wao, akipanda ngazi zile kila Jumamosi na chupa yake ya chai.

Penseli alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo wengi waliiona kichekesho, kwamba programu lazima itengenezwe kwa ajili ya mtu mmoja anayejulikana, ambaye yeye alimwita mtu wetu, na katika kila kikao kiti kimoja kiachwe wazi kwa ajili yake, ili watu wakibishana kuhusu kitufe, wageukie kile kiti na kuuliza mtu wetu angesemaje. Kwa miaka miwili mtu wetu hakuwa ametajwa, na kaka mkubwa, ambaye alikuwa mchora ramani pekee mle chumbani, hakuwa na shaka hata chembe, akaandaa orodha ya mahitaji arobaini na moja ya mchora ramani, na siku ya kutajwa, Jumamosi tarehe 15 Machi 2003, alikwenda amenyoa ndevu na kuvaa tai.

Penseli alibandika karatasi ukutani, na iliandikwa kwamba mtu wetu ni fundi cherehani, umri miaka thelathini na minane, kompyuta yake ni ya mtumba, umeme wake hukatika, maelekezo hana muda wa kuyasoma, na anachotaka ni kuchora gauni, kuweka vipimo na kuchapa kielelezo cha karatasi cha kukatia kitambaa, kwa ukubwa wake halisi. Kila mtu alielewa kuwa aliyeandikwa pale ni Mama Pindo, ambaye wakati huo huo cherehani yake ilikuwa inasikika chini ikinguruma, na mtu mmoja wa utani alimgeukia kaka mkubwa akasema, "Mzee, vua tai hiyo ukapimwe suruali," wakacheka wote, na Penseli naye akacheka, na kicheko hicho cha Penseli ndicho kilichoharibu mambo.

Kaka mkubwa alimwambia mdogo wake mbele ya watu kwamba amekidhalilisha chombo cha wataalamu, na mwezi uliofuata, kwa kuwa programu huria haimzuii mtu, alichukua nakala yake akahama nayo, akifuatwa na watu tisa, wakaiita Rula Kuu na kutangaza kwamba hiyo ni ya kila mchoraji. Palepale kila mchoraji akadai vitufe vyake, mchora nembo akataka vyake, mchora picha za vitabu akataka vyake, kaka mkubwa akaingiza yote arobaini na moja, hadi ikawa na vitufe mia mbili na kumi na viwili na kuchukua dakika nne kufunguka, na baada ya miezi kumi na tisa waliobaki wakiitumia walikuwa wawili, halafu mmoja, ambaye hana haja ya kutajwa.

Kwa miaka mingi ndugu hawa wawili walisalimiana kwenye harusi na mazishi, wakaulizana habari za watoto, wakaishia hapo, huku Rula ikienea kwa mafundi wa miji ambayo Penseli hakupata kuikanyaga, na kaka mkubwa akipita mbele ya duka la Mama Pindo alivuka upande wa pili wa barabara. Jambo ambalo hata watoto wa marehemu hawalijui ni kwamba kuanzia Februari 2005 kaka mkubwa alikuwa akichora ramani zake kwa Rula, ile ya mafundi, kwa siri, kwa sababu ilifunguka upesi na kufanya alichotaka, na mwaka 2006, alipoona Penseli anajibu kwa mkono wake kila barua ya fundi anayeeleza shida yake, alishindwa kuvumilia, akaandika na yeye, akajiita Fundi wa Mtaa wa Nyuma, akiomba kuchora mkono wa shati kwa kipimo cha moja kwa mia mbili. Alijibiwa siku hiyo hiyo, "Ndugu fundi, asante, kesho kitufe kitakuwepo," na kesho yake kilikuwepo, na katika miaka kumi na miwili iliyofuata aliandika barua sitini na tatu, zote za fundi ambaye hajawahi kushika sindano.

Marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo Februari 2018, na mara ya mwisho alilazwa tarehe 21 Oktoba 2019, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Kaka mkubwa alipofika siku ya pili alimkuta Mama Pindo kwenye kiti pekee kilichokuwepo, akimchana marehemu nywele kana kwamba ndiye aliyezaliwa naye, na Mama Pindo alipoinuka na kusema, "Karibu kaka, kaa hapa," alijibu kwamba yeye anapenda kusimama, akasimama dakika arobaini, mpaka yule mama alipoaga.

Ndipo Penseli alipomtazama akasema, "Mkono wa shati, moja kwa mia mbili. Kaka, ulikuwa unamshonea mbu?" Alicheka hadi nesi akaja. Kaka mkubwa alipomuuliza kama alijua tangu mwanzo, alisema tangu mstari wa kwanza, kwamba hicho ni kipimo cha ramani za nyumba, hakuna fundi cherehani duniani anayekihitaji kitufe kile, na kimeachwa mle kwa ajili ya mtu mmoja. Kaka mkubwa alimuuliza basi kwa nini mtu huyo hakuwekwa ukutani, naye akajibu, "Wewe ulikuwa na meza, una rula, una ujuzi. Ningekutengenezea wewe, ningekuongezea. Yeye nilimpa." Hilo kaka mkubwa alilielewa kwa akili, moyo wake bado haujafika huko, maana kitufe kimoja si sawa na programu nzima. Kisha Penseli akauliza, "Nani atawajibu mafundi wangu?" na kaka mkubwa akasema, "Mimi," kabla hajafikiri.

Alifariki Jumatano tarehe 6 Novemba 2019, saa tisa alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi namba nne, majirani waliopika na kulala nasi, walimu wenzake wa chuo, wote waliojitolea katika Rula, pamoja na wale tisa, na inamshukuru Mama Pindo, aliyeketi leo safu ya mbele pamoja na familia kwa agizo la marehemu mwenyewe, kiti kimoja karibu zaidi na jeneza kuliko kaka mkubwa.

Penseli, tangu uondoke zimekuja barua saba kutoka kwa mafundi wako, zote zinakuulizia wewe, hakuna hata moja inayomuulizia anayejibu, na zote saba zimejibiwa. Pumzika kwa amani.