Kopo la Dada Vifungo

RISALA YA WASHONAJI WA UKUMBI WA MASHATI, SIKU YA KUKABIDHIWA KOMBE LA UZALISHAJI

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mganga Mkuu, meneja wetu, wasimamizi, na ninyi washonaji wenzetu,

Karibu ukumbini kwetu. Utuwie radhi kwa joto. Feni mbili zimegoma, na ya tatu inazunguka leo kwa kujipendekeza, kwa sababu umekuja wewe.

SISI NI NANI

Tuko wanawake mia moja na ishirini, na kibao kimoja. Ni kile chekundu kinachoning'inia mlangoni. Anayekwenda chooni hukivaa shingoni, na wengine wote humngoja arudi. Kwa hiyo tumezoea kutokunywa maji na kujibana, na UTI kwetu imekuwa kama mafua kwa wengine.

Dada Vifungo, mwenzetu wa mashine ya vifungo, aliona uchungu akaanzisha kopo. Lilikuwa kopo la pini. Mtu akipewa dawa, akipata nafuu siku ya pili anaacha kumeza, na vidonge vilivyobaki anamwekea mwenzake humo. Hakuna aliyebania. Dada aligawa kwa rangi: "Wewe chukua vya njano viwili, shoga. Vile vyekundu vilimshinda mwenzio wiki jana." Tulimwita Daktari, naye jina hilo alilipenda mno.

MAFANIKIO

Mwezi uliopita tulishona mashati mengi kuliko wakati wowote, ndiyo maana kuna kombe. Siku ya rekodi, kibao hakikuguswa tangu asubuhi hadi saa tisa. Tulipiga makofi. Dada Vifungo alipiga yake akiwa ameegemea mashine, anatetemeka kwa baridi ndani ya joto hili. Alikuwa ameshameza vya njano, vyeupe, na vile vya rangi mbili.

CHANGAMOTO

Hospitalini walichukua mkojo wake, wakaotesha bakteria wake maabara, wakawajaribu kwa dawa kumi. Karatasi ilirudi na neno "sugu" mara tisa. Daktari wa hospitali akamuuliza ni zipi kati ya hizo aliwahi kutumia.

"Karibu zote," alisema. "Ila nusu nusu."

Mgeni rasmi, hakuwa mjinga. Alikuwa na huruma, nasi pia. Daktari huyo wa hospitali ametueleza kwamba dozi ya nusu huua bakteria wanyonge na kuwaacha wakorofi wazaane. Miaka yote hiyo tulidhani tunasaidiana. Tunaona aibu, na tunaumia.

Ile dawa ya kumi anapewa kwa mshipa. Leo ni siku ya sita na homa haijashuka. Ugonjwa umepanda kwenye figo na kuingia kwenye damu. Jana tulipokwenda kumwona hakuuliza habari za watoto wake. Aliuliza kopo liko wapi. "Msimpe mtu tena," alisema. "Na mdogo wangu mwambieni asiliguse kabisa."

Tulichelewa kumwambia.

MAOMBI

Dada Vifungo ndiye aliyekuwa asome leo, na alishaandika maombi saba kwa mwandiko wake mzuri, la kwanza likiwa feni. Tumeyaweka kando. Tunaomba kibao kiondolewe. Tunaomba zahanati ya hapa impime mtu kabla ya kumpa kidonge, na imsimamie hadi amalize. Dawa ya kumi na moja hatukuombi, kwa sababu tumeambiwa haipo.

Kopo lenyewe liko mezani, pembeni ya kombe. Ondoka nalo, tafadhali.

Mungu akulinde wewe na wote wa nyumbani kwako, na awajalie miili inayosikia dawa.

Anayekusomea ni mdogo wake Dada Vifungo. Jumatatu alimeza viwili vya kopo, na mkojo bado unamchoma. Mfukoni ana kichupa cha kupimia alichopewa hospitalini leo asubuhi, na mpaka sasa ni kitupu. Anaomba aende chooni, mheshimiwa, bila kungoja kibao.

Ni sisi,
Washonaji wa Ukumbi wa Mashati